Pikapu Iliyokula Kilomita: Uitengeneze au Uibadilishe?

Salamu ziwafikie ndugu zetu wa hapa Qatar, wa Muaither, wa Al Wakrah na wa Industrial Area, na nyinyi mnaotusikiliza kwa simu mkiwa ndani ya magari mkisubiri mzigo upakiwe. Na huko nyumbani, Mombasa, Tanga, Unguja, Kampala na Bujumbura, karibuni pia. Mazungumzo ya leo yanawahusu, maana pesa inayomezwa na gereji hapa Doha mara nyingi ndiyo ile iliyokuwa ije huko kwa karo na kwa ujenzi.

Leo tuzungumze kuhusu pikapu kuukuu. Mtu ana pikapu yake. Hilux, Nissan, L200 au D-Max, zote ni mamoja. Imetembea kilomita laki tatu na ushee. Injini inawaka, mzigo inabeba, lakini kila mwezi ina jambo. Mwezi huu pampu ya maji, mwezi ujao kompresa ya AC, mwezi unaofuata beringi ya gurudumu. Mwenyewe anakaa kitandani usiku anajiuliza: niitie pesa, niifungue injini, niivishe tairi mpya na viti vipya, ipate umri mwingine? Au niiuze nitafute nyingine?

Jibu langu nalitoa mapema, kisha tutalizunguka pamoja. Amua pikapu ikiwa bado inatembea. Narudia, kwa sababu hili ndilo la kushika leo: amua pikapu ikiwa bado inatembea.

Kwa nini nasema hivyo? Fikiria umekwama Salwa Road, mwezi wa nane, saa saba mchana, mzigo wa mteja mgongoni. Rikaveri inakuja inakubeba mpaka Industrial Area. Fundi anafungua, anakwambia hedi imepinda, leta riyali elfu tatu. Utasema nini? Utasema tengeneza. Mzigo unasubiri, simu ya mteja haikatiki, jua linakuchoma. Hapo hujaamua kitu, umeamuliwa na shida. Miezi mitatu baadaye gia boksi inaanza kulia. Unasema, nimeshaingiza elfu tatu humu, siwezi kuiacha sasa. Unaongeza elfu mbili. Ndugu yangu, ile elfu tatu imeshakwenda, uendelee au usiendelee. Swali la leo ni moja tu: hii elfu mbili ninayoitoa sasa itaninunulia kazi ya muda gani?

Kabla sijaendelea, nina neno na madereva walioajiriwa, maana najua ndio wengi katika wanaonisikiliza. Nyinyi pikapu si yenu, na uamuzi si wenu. Lakini masikio ni yenu, na miguu inayokanyaga breki ni yenu. Breki ikianza kuzama, usukani ukianza kuvuta upande mmoja, tairi ikianza kuota kidonda ubavuni, mwandikie bosi kwa WhatsApp, tena na picha. Maneno ya mdomo hupotea. Ujumbe unabaki na tarehe yake, na siku ya ajali tarehe hiyo itakusaidia. Na breki ikifika pa kutisha, kataa kuondoka. Nalisema hili kwa uzito. Mabosi huja na kwenda, lakini mama yako ana wewe.

Haya, sasa turudi kwa mwenye pikapu yake, au mwenye kampuni ndogo. Wengi mnaanza na swali: imetembea kilomita ngapi? Je, kilomita zinatosha kutuambia umri wa gari? Kwa hapa Qatar, nasema hapana, hazitoshi.

Nchi hii ni ndogo na tambarare. Kutoka Doha mpaka Dukhan ni kama kilomita 80 tu, barabara pana, hakuna mlima, hakuna shimo. Kilomita za namna hiyo ni laini kwa gari, si kama kilomita za kutoka Voi kwenda Taveta zamani kabla ya lami. Kwa hiyo pikapu ya laki tatu hapa inaweza kuwa na injini nzima kuliko pikapu ya laki moja na nusu ya kwetu.

Lakini kuna jambo ambalo kilomita haziliandiki. Pita Muaither kiangazi uangalie pikapu zilizosimama nje ya maduka na nje ya majengo yanayojengwa. Zimesimama, injini inaunguruma, AC inapuliza, dereva yuko ndani. Kuanzia tarehe 1 Juni hadi 15 Septemba sheria ya hapa inakataza kazi za juani kati ya saa nne asubuhi na saa tisa na nusu alasiri, na saa hizo watu wengi wa nje wanazipitisha ndani ya gari. Mita ya kilomita imelala, injini inafanya kazi, tena katika joto linaloweza kupita nyuzi 45, bila upepo wa mwendo wa kuipoza. Kampuni ya Ford, katika hesabu yake ya magari ya kazi, huihesabu saa moja ya kuunguruma umesimama kuwa kama kilomita 50 za barabarani. Sasa piga hesabu ya viangazi vyote ambavyo gari limepitia. Utaona ile laki tatu iliyoandikwa mbele yako huenda ni laki nne na nusu ndani ya injini.

Kwa hiyo ukiulizwa gari lina umri gani, taja na saa zake za kusimama. Na oili ubadilishe kwa kufuata saa hizo pia, usingoje kilomita zitimie.

Je, utajuaje kama pikapu yako inastahili pesa? Nitawaambia ninavyoanza mimi. Naanza alfajiri, gari likiwa limelala usiku kucha, injini baridi kabisa. Siku hiyo asiiwashe mtu kabla yangu. Fungua boneti, fungua kifuniko cha oili, tazama chini yake. Ukikuta utando wa rangi ya maziwa, maji yameingia kwenye oili, na hapo hedi gasketi ina maneno. Fungua na rejeta, ingali baridi. Ukiona mafuta yanaelea juu ya maji, ni ugonjwa uleule umetokea upande wa pili. Kisha mwambie mwenzako awashe, wewe simama nyuma kwenye ekzosi. Moshi wa buluu maana yake injini inakula oili, ringi au sili za valvu zimechoka. Moshi mweusi ni mafuta mengi yasiyoungua vizuri, na huo mara nyingi hutibika kwa bei nafuu. Moshi mweupe mzito usioisha hata injini ikipata moto ni maji. Baada ya hapo ndipo umpeleke fundi apime nguvu ya mgandamizo wa kila silinda. Kipimo hicho ni cha bei ndogo, na kinakupa habari ambayo rangi nzuri na mlio mtamu haviwezi kukupa.

Lakini injini, ndugu zangu, si jambo kubwa kuliko yote. Mtashangaa. Injini hununuliwa. Gia boksi hununuliwa. Chenye kuua pikapu kabisa ni chasisi. Nasema tena: chasisi.

Qatar imezungukwa na bahari pande tatu, hewa ya Agosti ina unyevu wa kukulowesha shati, na ardhi nyingi ya pwani ni sabkha, ule mchanga wa chumvi. Pikapu iliyokuwa ikishusha boti majini, iliyobeba samaki na barafu, au iliyokuwa ikichezeshwa ufukweni Sealine bila kuoshwa chini, imebeba chumvi ndani ya mabomba ya chasisi kwa miaka. Kwa juu inang'aa. Ingia chini yake na nyundo ndogo. Nenda moja kwa moja juu ya ekseli ya nyuma, pale springi zinaposhikwa na chasisi, ugonge taratibu. Chuma kizima kinalia kwa sauti kali. Kilicholiwa kinajibu kwa sauti butu, na magamba ya kutu yanakuangukia usoni. Ukisikia hiyo sauti butu, funga daftari. Usiitie pikapu hiyo injini mpya. Usiitie chochote isipokuwa mafuta ya kuifikisha inakouzwa kwa vyuma.

Msidhani natia chumvi. Mwaka 2016 Toyota wenyewe walikubali kumaliza kesi Marekani kuhusu Tacoma, Tundra na Sequoia ambazo chasisi zake zilikuwa zinaliwa na kutu. Makubaliano yale yalikadiriwa kufikia dola bilioni 3.4, na ndani yake kulikuwa na kazi ya kukagua chasisi na kuzibadilisha. Hizo si pikapu zetu za hapa, lakini jiulizeni: kampuni kubwa kama ile, yenye wahandisi wote wale, haikusema tutaweka kiraka. Ilikubali kubadilisha chasisi nzima. Sasa wewe usikubali fundi akuchomelee kipande cha bati pale springi inaposhika, halafu upakie tani moja ya saruji.

Mpaka hapo tuko pamoja? Tumesema amua ikiwa inatembea. Tumesema kilomita hazisemi yote. Tumesema chasisi kwanza, injini baadaye. Sasa twende kwenye pesa, na hapa nitatumia hesabu nyepesi.

Chukua daftari la kawaida, lile la shule. Andika mambo mawili kila mwezi: pesa ya spea na fundi, na siku ambazo pikapu ililala. Wengi tunaandika la kwanza, la pili hatuliandiki. Tuseme pikapu inakuletea riyali 200 kwa siku baada ya mafuta. Ikilala siku nne kwa mwezi, umepoteza 800. Kwa mwaka inakaribia elfu kumi, na hakuna risiti hata moja inayoitaja. Ukiwa fundi wa AC unayetegemea pikapu kuwafikia wateja, ndiyo balaa zaidi. Mtu ambaye AC yake imekufa mwezi wa saba hawezi kukungoja mpaka kesho. Anampigia mwingine, na mwaka ujao anampigia huyohuyo mwingine.

Ukishakuwa na miezi sita ya daftari, maamuzi yanakuwa mepesi. Jumla ya spea na siku zilizolala ikiwa chini ya kile ambacho ungelipa kila mwezi kwa gari jingine, pamoja na bima yake, kaa na mzee wako. Ikizidi miezi mitatu mfululizo, anza kutafuta. Na uandike kiwango chako leo: matengenezo yoyote ya mara moja yakizidi nusu ya bei ambayo pikapu hii ingeuzwa sokoni, sitengenezi. Andika, weka sahihi, mwonyeshe mkeo au mwenzako wa chumba. Siku ya Salwa Road, utakapokuwa unatoka jasho, andiko hilo ndilo litakalokusemea.

Nije kwenye kuboresha, maana wengine mnapenda sana neno hilo. Kuna kuboresha kunakolipa. Rejeta mpya kabla ya kiangazi inalipa. Hozi za maji zote kwa pamoja zinalipa. Breki, shokomzoba, betri nzuri, na AC inayopoza kweli, zote zinalipa, kwa sababu dereva aliyepozwa hakosei hovyo. Tairi pia, lakini soma ubavuni zile namba nne za mwisho kwenye duara refu: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Tairi yenye 2319 ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Joto la hapa linakausha mpira hata kama tairi imekaa stoo na kashata zake zingali nzima. Usiuziwe uzee kwa bei ya upya. Na ukiwa na Hilux ya dizeli ya zile zenye mkanda wa taimingi, muulize aliyekuuzia ulibadilishwa lini. Akigugumia, ubadilishe wewe, usingoje ukatike.

Kuna kuboresha kusikolipa. Tairi kubwa kupita kiasi zinachosha klachi na diferensha. Springi za kuongeza ndizo zinazonitia wasiwasi zaidi. Mtu anaongeza majani ya springi nyuma, gari halikai chini tena, akaamini uwezo umeongezeka. Breki ni zilezile, ekseli ni ileile, chasisi ni ileile. Kilichoongezeka ni mzigo na hatari. Isitoshe, gari lazima lipite ukaguzi wa Fahes ndipo istimara, yaani kadi ya usajili, ihuishwe, na mabadiliko yasiyo na kibali yanaweza kukurudisha nyumbani. Hata injini ukitaka kuibadilisha, uliza Idara ya Trafiki kwanza, ndipo umlipe fundi.

Haya, tuseme umeamua kubadilisha. Mpya au ya mkononi?

Mpya ni raha, sikatai. Lakini nawaomba, na hapa naongea kama ndugu, mfikirie mkopo mara mbili. Sisi hapa tunaishi kwa mkataba. Mkataba ukikatika leo, deni halikatiki. Hundi uliyotia sahihi ikikosa pesa benki, hapa Qatar ni kosa la jinai, na deni lisilolipwa linaweza kukufanya uzuiwe kusafiri. Kuna watu wamekosa kwenda kuzika wazazi wao kwa sababu ya deni la gari. Kama mkopo unamaliza muda baada ya mkataba wako kwisha, usiuchukue, hata muuzaji akukaribishe kahawa na tende.

Ya mkononi, basi tafuta iliyotoka kwa mtu au kampuni yenye karatasi za matengenezo. Usiiamini mita peke yake, maana mita hurudishwa nyuma. Tazama mpira wa pedali ya breki. Tazama usukani pale vidole vinaposhika, na kiti upande wa mlango, pale dereva anapojikwaruza akishuka. Mita ikisema elfu 90 na mpira wa pedali umelika mpaka chuma kinaonekana, waamini pedali. Tafuta pia gari lililotengenezwa kwa ajili ya Ghuba, lenye rejeta na AC za kuhimili hili joto, kuliko lililoletwa kutoka nchi za baridi kwa bei ya kuvutia.

Na chagua gari ambalo spea zake zimejaa Industrial Area. Waliokuwa hapa mwaka 2017 wanajua. Tarehe 5 Juni mwaka ule nchi jirani zilifunga mipaka, na bidhaa nyingi zilizozoea kupitia bandari ya Jebel Ali zikalazimika kuzunguka kwa bandari za Oman, Sohar na Salalah. Hali ile iliendelea mpaka Januari 2021. Wakati kama ule, mwenye gari la kawaida anaweza kupata spea kuukuu kwa jirani, kwenye gari bovu lililo uani. Mwenye gari la fahari lisilo na wenzake anakaa akisubiri meli.

Limebaki swali moja ambalo naulizwa kila mara. Je, si niisafirishe hii pikapu nyumbani, ikalime shamba la mzee? Nia ni njema, lakini sikiliza kwanza. Huku usukani uko kushoto. Kenya, Uganda na Tanzania tunaendesha upande wa kushoto wa barabara, usukani kulia. Kenya haipokei gari la usukani wa kushoto isipokuwa la kazi maalumu, wala haipokei gari lililozidi miaka 8, na hilo liko kwenye kanuni yao ya viwango, KS 1515. Uganda nayo kwa sheria ya 2018 ilikataza kuingiza gari la miaka 15 na kuendelea. Wa Burundi, Rwanda na Kongo, nyinyi mnaendesha upande wa kulia kama hapa, usukani si tatizo lenu, lakini pigeni hesabu ya meli, bandari, safari ndefu ya barabarani na ushuru, mlinganishe na bei ya pikapu iliyokwisha kufika. Kwa wengi wetu, pikapu ya Doha iuzwe Doha, na pesa ndiyo isafiri.

Na ukiiuza, usimpe mtu ufunguo kabla umiliki haujahamishwa. Inafanyika kwa programu ya Metrash, kwenye simu. Usikubali lile neno la "tutabadilisha jina wiki ijayo, bosi". Jina likibaki lako, kamera ikimnasa Dukhan Road akikimbia, faini inakuja kwako, na ajali ikitokea wa kwanza kutafutwa ni wewe. Lipa faini zako za zamani, kaa naye mezani, jina lihamishwe, pesa ihesabiwe, ndipo umpe ufunguo.

Wasikilizaji, muda wetu umefika. Wenye maswali yatumeni, hasa nyinyi wenye dizeli za zamani, nimewapitia haraka leo na najua mna mengi. Wiki ijayo, inshallah, tutaanza na nyinyi. Kwaherini.